Mtu Aliyemnyoa Mkwe Wangu

Siku ya kwanza nilipokula na mkwe wangu, alitoa meno yake ya mbele, akayaweka kwenye kisosi karibu na pilipili niliyoisaga kwa mikono yangu, akaendelea kutafuna kuku kwa magego. Nilishtuka nusura nimwage mchuzi. Nilikozaliwa, mtu mwenye meno ya bandia huyavua chumbani, tena mlango ukiwa umefungwa. Nikamtupia jicho binti yangu, naye akanikanyaga mguu chini ya meza, maana yake ninyamaze. Kunyamaza sikujaliwa. Nikamuuliza mkwe meno yake ya asili yalikwenda wapi. Akacheka hadi mabega yakatikisika, akasema yalibaki kwenye barafu ya miji mingi, na miji mingine hata haikumbuki.

Ninaposema mkwe, namaanisha baba wa kijana aliyemwoa binti yangu. Kwetu wazazi wa pande mbili huitana hivyo, nami nilimfundisha neno hilo siku ileile, akalishika. Kila nilipoingia kwake alikuwa akinyanyuka kitini, Mzungu mkubwa kama kabati, anasema "Mkwe" kwa sauti nzito, kisha ananipa mkono. Mikono yake ilinitisha. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba na kupinda, na vidole vingine havikunjuki kabisa. Binti yangu alikuwa ameniambia kwamba baba huyo alicheza hoki ya barafuni kwa mshahara, miaka mingi, na sasa amestaafu. Nikadhani mikono imeharibiwa na baridi.

Nimeishi Toronto tangu binti yangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na hoki sikuwahi kuiangalia hata mara moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mimi nafua mashuka ya hoteli karibu na uwanja wa ndege. Nikirudi kwangu Etobicoke, ghorofani, nataka chai na miguu juu ya stuli. Majira ya baridi watu kwenye lifti huzungumzia mechi ya jana, nami naitikia kwa kichwa mpaka lifti ifike. Nilichojua ni kwamba wanaume huvaa viatu vyenye visu chini, wanakimbizana na magongo, wanagombea kidude cheusi kilicho sawa na kopo la rangi ya viatu. Nilijua pia kwamba wenyeji wa hapa wanaupenda mchezo huo kuliko chakula. Basi, elimu yangu iliishia hapo.

Mkwe alikuwa amefiwa na mkewe. Binti yangu na mumewe walihamia kwenye nyumba yake, nyumba ndogo ya matofali isiyo mbali na ghorofa letu, kwa sababu mzee alikuwa ameanza kusahau. Mwanzo yalikuwa mambo ya kuchekesha, funguo za gari ndani ya friji, soksi ndani ya maikrowevu. Baadaye akawa anamtengea marehemu sahani mezani, anauliza mbona amechelewa. Daktari alisema ubongo wake umechakaa kwa vipigo vya kichwa alivyovipata mchezoni, na kwamba hali hiyo itazidi tu. Niliposikia vipigo nikaelewa ni kuanguka. Barafu inateleza, mtu ataacha kuanguka? Wakati huo binti yangu alikuwa na mimba yake ya kwanza, nami nilikuwa nakwenda pale karibu kila siku na hotpoti mkononi, nikijifanya nimepika chakula kikazidi.

Siku moja nilimchukua mkwe tukanunue ndizi mbichi. Tulipofika kwenye friji za nyama, mwanaume mwenye suti na mvi alisimama mbele yetu kama aliyeona maiti imefufuka. Akamuuliza mkwe kama ni yeye. Mkwe akasema ni yeye, ingawa nilimwona hana hakika. Yule bwana akanipa simu yake nimpige picha, mimi, bila hata salamu. Kisha akamwomba mkwe akunje ngumi. Mkwe akakunja. Bwana akaishika ile ngumi, akaiweka shavuni kwake mwenyewe, akafumba macho na kutabasamu kama anayebembelezwa. Nilipiga picha kwa sababu sikujua la kufanya. Halafu akaibusu ngumi, mtu mzima, machozi yanamlengalenga, akasema yeye na marehemu baba yake walikuwa wakimwangalia pamoja, na kwamba jiji hili halitamsahau.

Nikamuuliza mkwe amemfanyia nini mtu yule. Akasema hamjui. Kwenye foleni ya kulipa akatokea mwingine, naye anataka ngumi shavuni. Nikasema moyoni, nchi hii imeharibika, watu wanaomba kupigwa dukani kama wanaomba chenji.

Sasa nimweleze rafiki wa mkwe, maana habari yenyewe ni yake. Alikuja kila Jumamosi asubuhi. Mwanaume wa rika lake, mwembamba zaidi, masikio makubwa yaliyochomoza pembeni, na jicho la kushoto la kioo. Binti yangu aliniambia alilipoteza kazini. Sikuuliza ni kazi gani, kwa kuwa pale hotelini tunakofulia tuna watu waliopoteza vidole kwenye mashine na hatuwaulizi. Nilimpenda tangu siku ya kwanza. Alikuwa anasifia chai yangu ya tangawizi na ananiita Mama, ingawa ananizidi umri.

Kazi yake ya Jumamosi ilikuwa kumnyoa mkwe. Mkwe hakukubali mtu mwingine amguse uso, hata mwanawe. Rafiki alimketisha jikoni, akamfunga taulo shingoni, akampaka povu, kisha akafungua wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani. Alikuwa akigeuza kichwa chake pembeni ili aone vizuri kwa jicho la kulia, halafu anapitisha wembe kooni taratibu mno. Mkwe aliinua kidevu, macho kafumba, ametulia kama mtoto anayeogeshwa. Baada ya hapo wanakwenda uwanja wa barafu wa mtaani, wanazunguka pamoja kati ya watoto, rafiki amemshika mkwe kiwiko. Nilifikiri huo ndio uzee mzuri, kuwa na mtu wa kukunyoa.

Halafu kaka yangu akarudi kutoka nyumbani. Kaka yangu anaishi Mount Dennis, anaendesha lori, ni mzee wa kanisa letu, na kwa hoki amekuwa mwenyeji kuliko wenyeji. Wakati wa harusi alikuwa Moshi akimuuguza mama, kwa hiyo mkwe hakuwahi kumwona. Jumapili moja baada ya ibada, tukinywa chai kwenye chumba cha chini cha kanisa, nikamtajia jina la mkwe. Akaweka kikombe chini. Akaniuliza kama najua nimeoana na nani. Nikamwambia sijaoana na mtu, binti yangu ndiye aliyeolewa. Akatoa simu.

Video ilikuwa ya zamani, rangi zimefifia. Nilimwona mkwe akiwa kijana, nywele tele, meno yake mwenyewe. Hakuwa anakimbiza kile kidude cheusi. Alimsogelea mchezaji wa timu nyingine, wakasemezana kidogo kama watu wanaosalimiana njiani, kisha wote wawili wakatupa glovu chini. Refa alisimama pembeni akiangalia. Narudia, refa aliangalia. Mkwe alimkamata mwenzake jezi kwa mkono mmoja, akaanza kumpiga ngumi za uso kwa mkono wa pili, bila haraka, kama mtu anayetwanga kisamvu. Yule akapiga magoti. Mkwe akaendelea kumpiga. Barafu ikaingia damu. Na watu, uwanja mzima, hata akina mama waliopakata watoto, wakasimama kushangilia.

Nikamwambia kaka azime. Hakuzima. Akanieleza, tena kwa fahari, kwamba hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mkwe. Timu ilikuwa na mfungaji mmoja hodari, mdogo wa umbo, na mkwe aliajiriwa amlinde. Ukimgusa yule, mkwe anakuja kwako, na wewe unajua anakuja. Magoli aliyofunga ni ya kuhesabu kwa vidole, lakini mitaani anajulikana kuliko waliofunga mengi. Kila timu ilikuwa na mtu wake wa namna hiyo. Nilimsikiliza kaka yangu, mzee wa kanisa, akisifia ngumi chini ya picha ya Bwana Yesu. Kwa hiyo mtu anaweza kulipwa mshahara, akajenga nyumba, akasomesha mtoto, kwa kupasua watu nyuso, na watu wazima wakaja kumbusu mkono dukani.

Ndipo kamera ikamsogelea aliyepigwa. Walikuwa wanamwinua. Kiganja chake kilikuwa kimeziba jicho la kushoto, damu inapita kati ya vidole. Nilimtambua kwa masikio.

Nikamwomba kaka arudishe. Akarudisha. Nikaomba tena. Alikuwa rafiki wa Jumamosi, ujana wake mtupu. Kaka akasema ndiyo, huyo hakucheza tena baada ya siku ile, jicho liliharibika palepale. Kilichonijia kichwani haikuwa ngumi. Ulikuwa wembe, unapita kooni taratibu mno.

Nilimpigia binti yangu hapohapo nikamwambia yule mtu asikanyage tena ndani ya nyumba na kiwembe chake. Binti yangu akacheka. Mtoto niliyemzaa kwa uchungu akanicheka.

"Mama, please, everybody knows that," akasema. "Ni kazi tu, hawakugombana. They're best friends."

Nikamuuliza kama rafiki wa namna hiyo amewahi kuombwa radhi. Akamuuliza mumewe, nikamsikia kijana akijibu kwa nyuma. Hapana, haombwi mtu radhi. Hiyo ndiyo sheria yao watu wa kazi ile. Unamuuliza mwenzako kama yuko tayari, akikubali mnapigana, yakiisha hamyataji tena. Wakikutana hotelini baada ya mechi wanakunywa bia meza moja. Kuomba radhi ni kama kumwambia mwenzako hakuwa mwanaume. Nilisikia damu inanichemka hadi masikioni. Jicho la mtu limetoka, miaka yote hiyo, na hakuna aliyefungua mdomo kusema samahani?

Mimi ni Mchaga wa Marangu, na nitasema tunavyofanya. Mtu akikukosea kosa kubwa, hata la damu, anachuma jani la isale, analifunga fundo, analeta mkononi. Mmea wenyewe ni wa kawaida, majani marefu, tunaupanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya ukoo, na makaburini. Lakini ukiletewa isale huwezi kukataa kusamehe. Unaweza kulia, unaweza kutukana kwanza, mwisho utalipokea. Nimeona baba zangu waliokaa miaka bila kusalimiana wakilipokea jani hilo huku midomo inatetemeka. Na jambo lingine: mtoto hazaliwi katika nyumba yenye kinyongo cha damu baina ya wazee. Mjukuu wangu alikuwa njiani. Sikutaka kabisa azaliwe mahali ambapo jicho la mtu halijaombewa radhi, na mwenye jicho anashika wembe kila Jumamosi.

Kwa hiyo nikaitisha kikao. Binti yangu alisema nitamwaibisha. Kaka yangu naye alisita kwanza, akasema mambo ya hoki siyajui, kisha akakubali kuwa mwenyekiti haraka mno. Baadaye niligundua alikuwa amebeba jezi kwenye mfuko ili mkwe amtilie sahihi.

Isale nililipata wapi? Hapa napo nilishtuka. Nilikuwa nimewaza kuagiza kwa mtu anayetoka nyumbani, nikihofia watu wa forodha. Siku hiyohiyo nikiwa kwa daktari wa meno nimekaa kusubiri zamu, nikainua macho, nikaliona limesimama kwenye kona ndani ya chungu, vumbi tele, mtu amelitilia gamu ya kutafuna kwenye udongo. Isale lenyewe. Yule dada wa mapokezi akaniambia huo ni mti wa mapambo tu, unauzwa kila mahali, hausumbui. Niliununua siku ya pili kwenye duka la maua na vifaa vya bustani, ukiwa na lebo inayoonya kuuweka mbali na paka. Nilirudi nao kwa basi nimeupakata, nikaona aibu kidogo, kana kwamba wazee wetu wa Marangu wananiona.

Tulikutana Jumapili mchana nyumbani kwa mkwe. Nilipika ndizi na nyama, nikanunua soda ya tangawizi kwa kuwa mbege, pombe yetu ya ndizi, sina. Mkwe alivaa shati jeupe, akakaa kwenye kiti chake mbele ya dirisha. Siku hiyo alikuwa na nafuu, alininyanyukia, akasema "Mkwe." Rafiki yake alikaa mkabala naye. Binti yangu alikaa pembeni ameshika tumbo na uso wa kutaka ardhi immeze, mumewe karibu yake. Kaka akaomba, sala ndefu, akamshukuru Mungu kwa hoki.

Kisha nikasimama, nikaeleza kwa Kiingereza changu cha mashukani. Nikasema nimeiona video. Nikasema kwetu jicho la mtu haliendi hivihivi, na kwamba nimewaita ili wayamalize kabla mtoto hajaja. Nikaeleza na jani ni la nini.

Rafiki alicheka. Hakucheka kwa dharau, alicheka kwa upole hadi akajifuta jicho lake zima. Akaniambia hawakugombana hata siku moja. Siku ile yeye mwenyewe alikuwa amemkanyaga yule mfungaji mdogo wa timu ya mkwe, akijua mkwe atakuja. Mkwe alimuuliza kama yuko tayari, naye akasema twende. Ingekuwa ngumi yake ndiyo iliyotangulia, mkwe ndiye angekuwa na jicho la kioo leo. Kazi ni kazi. Akaniambia nisisumbuke, akanishukuru kwa harufu ya chakula.

Uso ulinipata moto. Binti yangu alinitazama kama anayesema si nilikwambia. Kumbe nimewakusanya watu, nimenunua mti, nimesuluhisha ugomvi usiokuwepo. Nilianza kuelekea jikoni kupakua. Lakini kaka yangu, ukimpa kikao, atakiendesha mpaka tone la mwisho. Mwenyekiti hafungi bila kuuliza. Akauliza, kwa kutimiza utaratibu tu, kama kuna mtu yeyote aliyebaki na dukuduku moyoni.

Nilikuwa nimefika mlangoni. Nikageuka. Rafiki alikuwa anaangalia viganja vyake.

"Ninalo," akasema.

Nilisimama palepale. Kijana wa mkwe, aliyemjua mtu huyu tangu akiwa mtoto, alishtuka kuliko mimi, nilimwona rangi ikimtoka.

"Alikuja hospitali kila siku," rafiki akasema. "Alinilisha kwa kijiko. Tulimzika mama yangu pamoja. Watoto wangu wanamwita baba mdogo. Lakini neno hilo hajawahi kulisema, na mimi sijawahi kumwomba aliseme, kwa sababu hatuombi. Kila Jumamosi namnyoa, nawaza labda leo. Na kila Jumamosi namkuta amepungua. Sina kisasi naye. Nataka tu nilisikie kutoka kwake kabla hajaisha."

Miaka yote hiyo mtu alikuwa anasubiri neno moja, akiwa na wembe mkononi, na nilichokuwa nimeogopa mimi ni koo la mkwe. Nilisikia aibu, na huruma, na hasira kwa wale wote waliosimama uwanjani kushangilia. Nikachuma jani. Nikalifunga fundo. Nikapiga magoti mbele ya mkwe, nikalitia jani katika mkono wake uliopinda. Nikamwambia polepole ampe rafiki yake, na amwombe radhi kwa ajili ya jicho.

Mkwe alilitazama jani. Akamtazama rafiki yake, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. Kisha akainama mbele, akanyoosha kidole gumba, akamgusa chini ya lile jicho la kioo.

"Jicho lako limepatwa na nini?" akamuuliza.

Nikaona mabega ya rafiki yakishuka. Akajibu kwamba alipigwa, kwenye mechi.

"Na nani?"

Kijana wake akafungua mdomo aseme. Rafiki akamwinulia kiganja anyamaze.

"Mtu wa timu nyingine," akasema.

Uso wa mkwe ukabadilika mbele yangu. Mzee wa soksi kwenye maikrowevu akaondoka, akaja yule wa video. Ngumi ikakunjika na jani likiwa ndani yake. Akauliza mtu huyo anavaa jezi namba ngapi. Akauliza kama wanacheza naye tena wiki hii, kwa sababu atamtafuta yeye mwenyewe, asijali. Nilirudi nyuma kwa magoti, sitaficha, nilimwogopa.

"Amestaafu," rafiki akasema. "Hachezi tena."

Mkwe akafikiria hilo. Hasira ikamtoka kidogokidogo, na badala yake ikaja hofu, hofu kubwa ambayo sijaiona kwa mwanaume wa kimo kile.

"Na mimi nilikuwa wapi?" akauliza.

Angeweza kusema hukuwepo, na mzee angetulia, tungekula.

"Ulikuwepo," akasema.

"Nilikuwepo, nikaacha ufanyiwe hivi?"

Mkwe akaanza kutikisa kichwa. Akakunjua ngumi, jani limepondeka, fundo bado limeshika. Akalinyoosha mbele kwa mikono yote miwili, ingawa hilo la mikono miwili sikuwa nimemfundisha.

"Nisamehe," akasema. "Kazi yangu ilikuwa nikulinde."

Binti yangu alijiziba mdomo. Kaka yangu, mwenyekiti, alikuwa ametazama ukutani. Mimi nilitaka kusema si hivyo, kwamba hilo silo kosa lenyewe, kwamba anaomba radhi kwa jambo lisilokuwepo na lile lililokuwepo limepotea. Sikuweza. Haikuwa haki yangu. Jani lilikuwa limeshanyooshwa. Rafiki alilitazama, akamtazama mwenzake, akalipokea.

"Nimekusamehe," akasema.

Nilikwenda kupakua kwa sababu watu walikuwa hawajala. Niliporudi na sinia, mkwe alikuwa ameburuta kiti chake kutoka dirishani, amekiweka upande wa kushoto wa rafiki yake, upande wa jicho lisiloona. Rafiki akamwambia kule hakuna nafasi ya sahani.

"Huku nitaangalia mimi," mkwe akasema. Akala chakula chote amekaa hapo, mgongo wima, bila kuondoa macho mlangoni.